Paul Bomani na Suala la Udongo, Mifugo na Miti ya Usukuma: Maisha ya Mjumbe wa Baraza, 1925–2005

Utangulizi

Katika historia ya siasa za Tanzania jina la Paul Lazaro Bomani hutajwa aghalabu katika sura mbili. Ya kwanza ni sura ya ushirika wa wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, na ya pili ni ile ya mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru. Makala haya yanakusudia kumtazama kwa upande mwingine ambao haujapewa uzito unaostahili, yaani upande wa mjumbe wa chombo cha kutunga sheria aliyetoka katika nchi ambamo mjadala mkubwa wa siasa, kwa muda wa kizazi kizima, ulihusu udongo, ng'ombe, miti na kuni.

Nchi hiyo ni ukanda unaoanzia katika nyika za Shinyanga, ukapita Kwimba na Mwanza, ukavuka Ghuba ya Mwanza hadi Geita na migodi yake ya dhahabu, na kuishia katika mwambao wa Chato. Chato siku zile ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo. Ilifanywa wilaya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingia katika Mkoa mpya wa Geita. Watu wa ukanda huu wamekuwa wakihama kuelekea magharibi kwa miongo mingi wakitafuta malisho na mashamba mapya. Kwa hiyo sera za hifadhi zilizoanzia Shinyanga na Kwimba ziliwafuata wahamaji hao hadi Geita na Chato.

Hoja ya makala haya ni kwamba maisha ya Bomani yanatuonyesha jinsi hifadhi ya mazingira inavyoshindwa inapokosa ridhaa ya wale wanaoishi juu ya ardhi yenyewe. Yanatuonyesha pia kwamba kanuni hiyo haimbagui mtawala wa kigeni na mtawala mzalendo. Bomani alipanda ngazi ya siasa akiwa msemaji wa wakulima waliochoshwa na amri za Serikali ya kikoloni. Miaka michache baadaye, akiwa waziri, alikutana na swali lile lile kutoka upande wa pili wa meza, na mwaka 1965 wapigakura wa Mwanza wakampima kwa kipimo alichokuwa amewafundisha wao wenyewe.

Nchi na amri zake

Ili kumwelewa Bomani hatuna budi kwanza kuielewa hali ya nchi alimokulia. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Tanganyika iliona kwamba adui mkubwa wa Shinyanga ni mbung'o, ambaye alikuwa akiyafunga maeneo makubwa yasikaliwe na watu wala mifugo. Utafiti juu ya mdudu huyo uliendeshwa kutoka Shinyanga chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyeuongoza hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Njia kuu iliyotumika ilikuwa kufyeka pori. Watemi waliamriwa kuwatoa watu wao kwa maelfu, na mapori ya miombo na migunga yakafyekwa ili mbung'o akose kivuli cha kuzaliana. Njia hiyo ilifanikiwa kwa kadiri fulani, kwani ng'ombe walipata malisho mapya na mashamba ya pamba yakapanuka. Hata hivyo, miti iliyoondoka ilikuwa pia ndiyo kuni, miti ya kujengea na kinga ya udongo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia maofisa wa Serikali waliitazama nchi ile ile wakaona hatari ya namna nyingine. Watu wa Usukuma walikuwa wanakaribia milioni moja, ng'ombe walikuwa wengi mno kwa malisho yaliyokuwapo, na makorongo yalikuwa yakiukata udongo kila masika. Kutokana na wasiwasi huo ndipo ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliotekelezwa kati ya mwaka 1947 na 1956 na kusimamiwa kutoka Malya, katika Wilaya ya Kwimba, ambako pia Shirikisho la watemi wa Usukuma liliweka makao yake. Mpango huo ulikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, yalichimbwa malambo, yakafunguliwa maeneo mapya huko Geita, na familia kutoka sehemu zilizobanana zikahamasishwa kuhamia huko. Kwa upande mwingine, ulikuja msururu wa kanuni. Mkulima alitakiwa kulima kwa matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, apande sehemu ya muhogo kwa ajili ya njaa, atie samadi shambani, asikate miti ovyo, asilime kando ya korongo, na apunguze idadi ya ng'ombe wake. Aliyekiuka alipelekwa mbele ya baraza la mtemi na kutozwa faini.

Mzee ambaye katika ujana wake aliamriwa kufyeka msitu kwa sababu mti ni makazi ya mbung'o, sasa aliamriwa asikate mti kwa sababu mti ni kinga ya udongo. Huenda kila amri ilikuwa na mantiki yake ya kitaalamu, lakini machoni pa mwananchi zote mbili zilikuwa na sura moja, ile ya agizo lililotoka juu bila yeye kuulizwa.

Suala la nishati lilizidisha ugumu huo. Mahali ambapo miti ilikuwa imekwisha, mwanamke wa Usukuma alipikia mabua ya pamba na mtama, na penginepo samadi iliyokaushwa. Kanuni ya kilimo iliitaka samadi hiyo shambani, na kanuni ya kuzuia wadudu wa pamba iliyataka mabua yang'olewe na kuchomwa msimu unapokwisha. Kanuni za hifadhi zilitungwa kana kwamba shamba, zizi na jiko ni vitu vitatu vilivyotengana, wakati kwa familia ya mkulima vilikuwa kitu kimoja.

Kutoka Mwadui hadi ushirika

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Musoma, akiwa mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na alipata elimu yake katika shule za misheni ya kanisa hilo. Ajira yake ya mapema, katikati ya miaka ya 1940, ilikuwa ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Hatuna budi kuitia maanani ajira hiyo, kwa kuwa ilimkutanisha kijana huyo na uchumi wa ardhi kwa namna mbili. Ndani ya uzio wa mgodi ardhi ilikuwa chanzo cha utajiri uliopimwa kwa mizani ya hali ya juu kabisa. Nje ya uzio ardhi ile ile ilikuwa ya wafugaji na wakulima walioambiwa kwamba wamezidi, wao na mifugo yao.

Mnamo mwaka 1947 alihamia Mwanza na kuingia katika kazi ya chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Hapo ndipo alipogundua kipaji chake, ambacho kilikuwa cha hesabu na mpangilio kuliko cha hotuba. Wakulima wa pamba walikuwa na malalamiko ya siku nyingi juu ya mizani za wanunuzi, ambao wengi wao walikuwa mawakala wa wenye viwanda vya kuchambulia pamba. Wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe katika vituo vya kununulia, na kutokana na hatua hiyo ndogo vikazuka vyama vya msingi kijiji kwa kijiji. Bomani alikuwa mmoja wa walioviunganisha vyama hivyo. Katika miaka hiyo hiyo aliongoza Tanganyika African Association katika Jimbo la Ziwa. Baadaye alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi, vyama vya wakulima viliungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU, na yeye akawa meneja wake mkuu.

Shirikisho hilo halikuridhika na kununua pamba peke yake. Mwaka 1956 lilipata kiwanda chake cha kwanza cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, katika Wilaya ya Geita. Kiwanda hicho kilikuwa katikati ya maeneo mapya yaliyofunguliwa na Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Hivyo basi, wahamiaji waliopelekwa Geita ili kuupunguzia mzigo udongo wa Kwimba na Shinyanga ndio walioifanya Geita kuwa ngome ya ushirika, na baadaye ngome ya upinzani dhidi ya Mpango wenyewe.

Barazani

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, lakini hapakuwa na Mwafrika ndani yake hadi mwaka 1945, walipoteuliwa watemi wawili: Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, na Abdiel Shangali wa Kilimanjaro. Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe alifuata mwaka 1947. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya Kiafrika kutoka Shinyanga katika Baraza ilikuwa ya mtemi. Kidaha alikuwa mtu wa elimu ya Makerere na mwenye heshima kubwa, na alikuwa Mwafrika pekee kati ya wajumbe wa Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953–1955, iliyoongozwa na Sir Hugh Dow. Tume hiyo ilichunguza ardhi na idadi ya watu katika makoloni matatu, na taarifa yake ilipendekeza ardhi ielekezwe kwenye umilikaji wa mtu binafsi, na kuta za kikabila na za kirangi katika matumizi ya ardhi zibomolewe.

Bomani aliteuliwa na Gavana Twining kuingia Barazani katikati ya miaka ya 1950, wakati Baraza lilipopanuliwa. Kuanzia mwaka 1955 upande usio wa Serikali ulikuwa na wajumbe 30, kumi kwa kila mojawapo ya makundi ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Tofauti baina yake na Kidaha haikuwa ya akili wala ya uzalendo. Mtemi aliingia Barazani akiwa kiungo cha utawala ule ule uliotekeleza kanuni za hifadhi, na mabaraza ya watemi ndiyo yaliyotoza faini. Bomani naye aliingia kwa uteuzi wa Gavana, lakini nyuma yake walikuwapo wanachama waliolipa viingilio vyao kwa hiari na ambao wangeweza kumwondoa. Alikuwa mteule wa Serikali kwa sheria, na mjumbe wa wakulima kwa hali halisi.

Hapa yafaa tugusie suala la lugha, ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kulipita. Mijadala ya Baraza iliendeshwa kwa Kiingereza. Mikutano ya vyama vya msingi iliendeshwa kwa Kisukuma na Kiswahili. Maofisa walizungumza juu ya uwezo wa ardhi kubeba mifugo, na juu ya viwango vya upunguzaji. Mkulima alizungumza juu ya ng'ombe wa mahari, wa matanga, na wa kuuza njaa inapoingia. Kwa ofisa, ng'ombe aliyezidi idadi alikuwa mzigo kwa malisho, ilhali mfugaji alimwona kuwa akiba yake ya pekee katika nchi isiyo na benki. Kazi kubwa ya mjumbe kama Bomani ilikuwa kuyatafsiri mawazo ya upande mmoja yaeleweke upande wa pili, kazi ambayo kamusi peke yake isingeitosha. Chombo cha kutunga sheria kisichozungumza lugha ya wanaotawaliwa huwaona wanaokataa amri zake kuwa wajinga, kwa sababu hoja zao hazijapata kusikika humo.

Wakati huo huo mlango wa siasa ya wazi ulikuwa umefungwa katika Jimbo la Ziwa. TANU, iliyozaliwa Julai 1954, ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi katika sehemu kubwa ya jimbo hilo hadi mwaka 1958. Ushirika ukawa mahali pa pekee ambapo watu wangeweza kukusanyika kihalali na kuzungumza mambo yao. Hali hiyo ilimweka Bomani katika nafasi nyembamba. Kama angeugeuza ushirika kuwa jukwaa la siasa, Serikali ingeufunga. Kama angenyamaza, wanachama wangemwona kuwa mtu wa Serikali. Alichagua njia ya kati: kujenga mali na nidhamu ya ushirika, huku akiitumia nafasi yake rasmi kuwasilisha malalamiko ya jimbo. Wapo waliomwona mpole mno kuliko viongozi wenzake waliofukuzwa au kufungwa. Hata hivyo, hatuwezi kusahau kwamba ushirika aliouhifadhi ndio uliowapa wakulima nguvu ya kudumu baada ya mikutano ya hadhara kutawanywa.

Geita, 1958

Mgogoro uliiva huko Geita. Serikali iliunda baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi mbalimbali, wakiwemo Waasia na Wazungu, katika wilaya ambayo karibu wakazi wake wote walikuwa Waafrika. Kwa wananchi, baraza hilo lilichanganyika na kanuni za kilimo na upunguzaji wa mifugo kuwa dhuluma moja. Waliogopa kwamba wageni wangepata kauli juu ya ardhi waliyoifyeka kwa mikono yao wenyewe, wengine wakiwa wamehamia huko miaka michache tu iliyotangulia. Mwaka 1958 maelfu ya watu walikwenda Mwanza kudai baraza hilo lifutwe. Walipiga kambi mjini kwa siku kadhaa, na hatimaye polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Kufikia mwisho wa muongo huo baraza la Geita lilikuwa limeondolewa, na kanuni nyingi za lazima katika Usukuma zilifutwa au ziliachwa zife zenyewe. Kwa harakati za uhuru huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kwa udongo wenyewe matokeo yalikuwa na utata. Baadhi ya yaliyolazimishwa yalikuwa na manufaa, kama vile matuta yanayozuia maji na matumizi ya samadi, ambayo Wakara, majirani wa visiwani, walikuwa wakiyafanya tangu zamani bila ya kuamriwa na mtu. Lakini jambo jema lililokwisha kufungamanishwa na faini lilikataliwa pamoja na faini yake. Kulima matuta kukawa alama ya utumwa, na kutolima kukawa alama ya uhuru. Hilo ndilo deni ambalo Serikali ya kikoloni iliiachia Serikali ya wananchi, na kwa bahati mtu wa kwanza kulipokea alikuwa Bomani.

Uwaziri na deni la mkoloni

Katika uchaguzi wa 1958–1959 TANU ilishiriki licha ya utaratibu mgumu wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Bomani alirudi Barazani akiwa mjumbe wa chama hicho. Mwezi Septemba 1960, Nyerere alipounda Serikali ya madaraka, alimpa Wizara ya Kilimo na Maendeleo ya Ushirika. Huo ulikuwa uteuzi wa wazi: aliyewaongoza wakulima wa jimbo lenye pamba nyingi kuliko yote sasa aliongoza kilimo cha nchi nzima.

Wakati haukumhurumia. Mwaka 1961 ukame ulileta njaa katika sehemu nyingi, na mahindi ya msaada kutoka Marekani yakaingizwa nchini. Ukame ulipokwisha ilikuja mvua ya kupita kiasi, na maji ya Ziwa Victoria yakaanza kupanda. Kati ya 1961 na 1964 kina chake kiliongezeka kwa zaidi ya mita mbili, na mashamba na makazi ya mwambaoni yakazama. Serikali changa ilijifunza haraka kwamba mazingira hayasubiri uhuru ukamilishe sherehe zake.

Swali kubwa zaidi lilihusu namna ya kuwashawishi watu. Waziri alitakiwa kuwaambia wakulima walime vizuri, wazuie mmomonyoko na wapande mazao ya akiba, maneno ambayo ofisa wa kikoloni alikuwa ameyasema kabla yake. Mwanzoni tegemeo liliwekwa katika elimu, kazi za kujitolea na ushirika. Lakini katika miaka ya mwanzo ya uhuru halmashauri nyingi za wilaya zilianza kutunga tena sheria ndogo za ekari za lazima, na adhabu zikarudi. Aliyezitunga alikuwa sasa diwani mzalendo, lakini mkulima aliyezipokea alikuwa yule yule.

Suala la umilikaji wa ardhi lilipata uamuzi katika kipindi hicho. Serikali ya kikoloni ilikuwa imependekeza mwaka 1958 kwamba Waafrika waweze kupata hati za umilikaji huru, pendekezo lililoshabihiana na mtazamo wa Tume ya Dow. Nyerere alilipinga kwa nguvu, akiona kwamba ardhi ikifanywa bidhaa maskini atabaki mpangaji katika nchi yake. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya kuugeuza umilikaji huru kuwa ukodishaji kutoka Serikalini, na mwaka huo huo utemi ukafutwa. Kwa wakulima wa Geita sheria hizo ziliondoa hofu ya mlowezi na mamlaka ya mtemi kwa pamoja. Hata hivyo, hazikumweleza mwananchi ni nani sasa angeamua juu ya malisho ya pamoja na pori la kijiji, mambo ambayo desturi ilikuwa imeyasimamia kupitia kwa wazee na watemi hao hao.

Mwezi Januari 1962 Bomani alikuwa amehamishiwa Wizara ya Fedha. Akiwa huko alishughulikia Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 1964, na katika kipindi chake, Juni 1965, ilitangazwa kwamba sarafu ya pamoja ya Afrika Mashariki ingegawanywa na kila nchi iwe na benki kuu yake. Nishati ilichukua nafasi yake katika fikra za maendeleo za wakati huo: kituo cha umeme wa maji cha Hale, katika Mto Pangani, kilianza kufanya kazi mwaka 1964. Umeme huo ulikuwa wa miji, mashamba ya mkonge na viwanda vya mashariki ya nchi. Jiko la Usukuma liliendelea kuwaka kwa kuni, mabua na samadi, na suala lake halikuingia katika vitabu vya bajeti kwa kuwa halikuwa na mita ya kulipimia.

Hukumu ya jembe na nyumba

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi wanachama wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Bomani, akiwa Waziri wa Fedha, mwanzilishi wa ushirika mkubwa kuliko wote nchini na mtu mashuhuri kuliko wengi katika Kanda ya Ziwa, alisimama Mwanza, akashindwa.

Waliouchambua uchaguzi huo wametaja sababu kadhaa. Makato katika bei ya pamba yalikuwa yameongezeka, na mkulima hakuweza daima kutofautisha makato ya ushirika na makato ya Serikali, hasa kwa vile jina moja lilihusishwa na vyote viwili. VFCU ilikuwa imekua mno. Ilikuwa na viwanda, magari, maofisa na madeni, na mwanachama wa chama cha msingi alijiona yu mbali na maamuzi kama alivyokuwa mbali na maofisa wa Malya. Waziri naye aliishi Dar es Salaam na hakuonekana tena vituoni. Kamati ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 1966 ilithibitisha kwamba ushirika kwa ujumla ulikuwa na udhaifu mkubwa wa usimamizi, na mwaka 1967 Serikali iliingilia uendeshaji wa VFCU.

Ushindani huo haukuwa kura ya maoni juu ya mazingira, na tusiupe maana isiyo yake. Lakini uhusiano na yaliyotangulia upo. Wakulima waliojifunza mwaka 1950 kumweka mpimaji wao kando ya mizani ya mnunuzi, mwaka 1965 waliitumia karatasi ya kura kumpima kiongozi wao. Bomani ndiye aliyekuwa amewaonyesha kwamba mamlaka yoyote inayowahusu yapaswa kuhesabiwa mbele yao. Kushindwa kwake ni ushahidi, kwa namna fulani, wa kufaulu kwa somo lake.

Rais Nyerere alimteua kuwa mbunge, na Bomani akaendelea kuwa waziri katika wizara za uchumi. Mwaka 1972 alipelekwa Washington kuwa balozi, akakaa huko hadi mwaka 1983. Aliporudi alishika tena nyadhifa Serikalini na katika chama. Katika miaka ya 1990 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wadhifa alioushika hadi alipofariki mwezi Aprili 2005.

Yaliyofuata katika ardhi yenyewe

Miaka ambayo Bomani alikuwa ng'ambo ilikuwa migumu kwa mazingira ya Shinyanga. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Kabla ya hapo, operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ilikuwa imewakusanya watu mahali pamoja. Familia zilihamishwa kutoka katika maeneo yao ya zamani, na ngitili zao, yaani malisho yaliyofungwa msimu wa mvua ili yatumike wakati wa kiangazi, zikabaki bila mwenyewe. Miti ilikatwa kuzunguka vijiji vipya, na sehemu kubwa ya mkoa ikawa kama jangwa. Kwa mara nyingine watu walikuwa wamehamishwa kwa amri, na kwa mara nyingine ardhi ilikuwa imelipa gharama.

Mageuzi yalikuja kwa njia tofauti. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Baada ya majaribio ya mwanzo ya kupanda miti kutoka vitaluni, wataalamu waliamua kuanzia katika maarifa ambayo wenyeji walikuwa nayo tayari. Familia na vijiji vilihimizwa kufufua ngitili, na kanuni za kuzilinda zilisimamiwa na mabaraza ya jadi na walinzi wa sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Malisho, kuni, dawa na asali, vitu ambavyo Mpango wa Malya ulivitenganisha, vilipatikana tena mahali pamoja.

Tukio hilo ni muhimu kwa hoja yetu. Nyingi kati ya shabaha za HASHI zilikuwa zile zile za mwaka 1947: kuzuia mmomonyoko, kulinda miti, kuyapumzisha malisho. Kilichobadilika ni nani aliyeshika jembe la uamuzi. Wakati huo huo wimbi la kuhamia magharibi halikukoma. Mapori ya Geita na Chato yaliendelea kufyekwa kwa ajili ya pamba, mahindi na mkaa. Dhahabu ya Geita, ambayo mgodi wake wa zamani ulifungwa mwaka 1966, ilianza kuchimbwa upya kwa kiwango kikubwa mwaka 2000, na mwaka 2019 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mkulima, mfugaji, mchimbaji na mhifadhi sasa wanakutana katika ukanda mmoja mwembamba.

Hitimisho

Tumeyafuata maisha ya Paul Bomani kutoka Mwadui hadi Barazani, na kutoka Barazani hadi hukumu ya mwaka 1965. Tumeona kwamba ushindi wake wa kwanza ulitokana na kuelewa kwamba mkulima anayekataa amri ana hoja. Tumeona pia kwamba uhuru haukulifuta swali la hifadhi. Ulilirithi likiwa limeharibiwa na faini, na Serikali mpya ilivutwa mara kwa mara kurudia njia ya mkato ya amri.

Wanaosoma historia ya sera za mazingira katika Kanda ya Ziwa watafaidika wakiunganisha kumbukumbu za Baraza la Kutunga Sheria na kumbukumbu za vyama vya msingi vya ushirika, kwa sababu mjadala wa kweli ulifanyika katika sehemu zote mbili, na kwa lugha mbili. Bomani alikuwa miongoni mwa wachache waliokaa katika sehemu zote mbili. Aliposikilizwa katika zote, mambo yalisonga. Uhusiano wake na mojawapo ulipolegea, hata uwaziri haukumsaidia. Kwa mbunge wa leo kutoka Geita au Chato, anayesimama kuzungumzia mkaa, mifugo au mipaka ya hifadhi, hilo ni fundisho la kazi yake ya kila siku: sheria ya ardhi hutungwa Bungeni, lakini hutiwa sahihi ya mwisho shambani na malishoni.